Mtunza Tarumbeta

Nilichaguliwa kuwa katibu wa chama chetu kwa sababu moja tu: natoka Kigoma. Warundi walikuwa wengi, Wakongo wakawafuata, kulikuwa na Wanyarwanda kadhaa na Mganda mmoja ambaye nadhani alikuja kwa ajili ya pilau. Ilipofika zamu ya kumtafuta mwandishi, mtu akasema, "Huyu Mtanzania, Kiswahili chake kinaandikika," wakapiga makofi, mambo yakaisha. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni, na mimi sikusema. Hiyo ndiyo kasoro yangu tangu utoto. Nikisifiwa nakubali kwanza, halafu ndiyo naanza kutafuta pa kujishika.

Kazi ya kwanza ilikuwa katiba. Hapa Uswidi chama kisicho na katiba hakikodishiwi hata chumba cha chini ya jengo, na sisi tulikuwa tumeshakiona chumba chetu Alby, kina jiko, kina viti vya kukunja, na mwenye nyumba hakujali mnafanya nini humo mradi ngazi zifagiliwe. Nikapewa wiki mbili. Wakati huo nilikuwa napika kwenye shule moja Jakobsberg, na mwenzangu wa zamu, mzee wa Kiswidi aliyekuwa anakaribia kustaafu, akaniona wakati wa kahawa nimekaa mbele ya karatasi tupu. Kesho yake akaniletea kijitabu chenye jalada la kijani. Ni katiba ya chama alichokuwemo baba yake, akasema, na chama chenyewe kilikufa zamani.

"Chukua mfano humu," akaniambia. "Zote zinafanana."

Nikalishika neno hilo. Nilikifasiri kijitabu kizima kwa jioni nne, kamusi pembeni, ibara kwa ibara. Kiswidi changu wakati ule kilitosha kusoma maandishi ya kwenye pakiti za unga. Jalada sikulifasiri, maana jalada ni jalada, na palipokuwa na jina la chama chao nikaweka la kwetu. Mkutano ukaipitisha kwa sauti moja bila mtu kufika ukurasa wa pili, kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa.

Mwaka mzima tuliishi hivyo. Tulikunywa kwenye harusi, tukanywa kwenye ubatizo, tukanywa Serikali ya Burundi ilipotukera na ilipotufurahisha. Kisha ukaja mkutano mkuu, na mwenyekiti wetu, Mkongo wa Uvira anayevaa tai hata kwenye joto, akawa mtu wa kwanza kuisoma katiba yetu mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Ibara ya kumi na nne. 'Mkutano mkuu utachagua kila mwaka mtunza tarumbeta wa chama.' Dada katibu, tarumbeta gani?"

Hatukuwa na tarumbeta. Hatukuwa hata na filimbi.

"Na hii ya tisa: 'Kileo cha aina yoyote ni marufuku katika mikutano, sherehe na shughuli zote za chama.' Hii ilitoka wapi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sentensi moja ingetosha: nimenakili ya watu bila kuelewa, naomba tufute. Badala yake nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Ndiyo sheria ya hapa. Komuni, yaani manispaa, inataka kila chama kiwe nayo."

"Hata tarumbeta?"

"Hata tarumbeta."

Na wakaamini! Mpaka leo sijui nicheke au nilie. Lakini mtu aliyeishi kwenye jengo lenye ratiba ya kufua nguo, ambapo ukizidisha robo saa unaandikiwa barua na jirani, hashangai akiambiwa nchi hii ina sheria ya tarumbeta. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema hawa watu wamejipanga kweli, akauliza nani atagombea nafasi hiyo.

Mkono mmoja ukainuka nyuma. "Nichagueni mimi. Kazi hiyo naiweza."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Aliyenyoosha mkono alikuwa mume wa rafiki yangu mkubwa, Mrundi mrefu, msafisha treni, ambaye mimi nilimwita shemeji naye akaniita shemeji. Ndiye aliyekuwa pia akishika funguo za chumba chetu. Watu walicheka kwa sababu marufuku ile ilikuwa imemwangukia yeye kabla ya wote. Shemeji alikunywa. Sisemi kunywa kwa kuonja. Alikunywa mpaka akaimba, kisha akalia, kisha akatafuta mtu wa kugombana naye, na mkewe akamkokota mpaka kituoni huku akiomba radhi kwa kila waliyempita. Nilimwona rafiki yangu akifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilijua hata ngazi ya ngapi atasimama kupumua.

Tukadhani atahamia kunywa nyumbani. Hakuhamia. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, tunapanga viti: "Shemeji, siku hizi unakunywa saa ngapi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Kwetu pombe inanywewa na watu. Sasa watu wamekatazwa. Nikae jikoni ninywe peke yangu, mimi ni panya?"

Ndivyo ilivyokwenda. Miezi ya kwanza alikonda, akawa mkali, akafagia ngazi mara tatu kwa siku moja. Baadaye akatulia. Alianza kuja chumbani Jumamosi asubuhi peke yake, anajifunza Kiswidi, alisema, na kweli Kiswidi chake kikanyooka, ila kikawa na maneno ya ajabu. Wenzake kazini walikuwa wakimtania kwamba anaongea kama mchungaji wa enzi za babu zao. Kila mwaka kipengele cha tarumbeta kilipofika aliinua mkono, tukacheka, tukamchagua. Rafiki yangu alinenepa, akaanza kuvaa vitenge vya rangi kali. Waliokuwa wakinung'unika kuhusu Fanta kwenye harusi walimtazama yeye, wakanyamaza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujiona kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Miaka kumi na tatu. Kisha mwezi mmoja wa kumi moyo wake ukasimama akiwa kazini, ndani ya behewa alilokuwa amemaliza kulisafisha.

Kwa Warundi matanga huanuliwa mara mbili. Kuna mara ndogo, siku chache baada ya maziko, na kuna mara kubwa baada ya mwaka, wanayoiita kuganduka, ambapo ndugu na jirani hukusanyika, msemaji akatangaza kwamba marehemu ameachiliwa aende, na wote wakanywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja kwa mirija. Hapo ndipo mjane anavua nguo za msiba. Kabla ya hapo haendi arusini, hachezi, havai rangi. Wapo siku hizi wanaolifupisha jambo hilo kwa soda na sambusa. Rafiki yangu hakuwa mmoja wao.

"Fanta haianui matanga," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja bei ya mkate.

Nikamwambia akodi ukumbi mwingine, kuna mmoja Sundbyberg, mzuri, una hata madirisha.

"Dada. Amefagia sakafu ile miaka kumi na tatu. Nikamuage kwenye sakafu ya nani?"

Nyumbani kwake wanaenea watu kumi na wawili, na waliotaka kumuaga walikuwa mia. Basi mwezi wa tatu, kwenye mkutano mkuu, akaleta ombi kwa mkono wake: ibara ya tisa ifutwe. Alisimama na gauni lake jeusi, akalisoma, akakaa. Tulijua wote maana yake, hatukuhitaji hotuba. Katiba ilitaka theluthi mbili za kura, mara mbili, katika mikutano miwili tofauti. Ibara hiyo nayo niliinakili, ila hiyo angalau ilikuwa na akili. Mikono ikainuka mingi. Nikapumua.

"Mais," mwenyekiti akasema. "Hii sheria iko ya serikali. Sisi tunaweza kuifuta aje? Watatunyang'anya chumba." Akanigeukia. "Dada katibu aandikie komuni, aombe ruhusa. Ruhusa ikikuja, mwezi wa tisa tunapiga kura ya pili. Isipokuja, tunaacha."

Wakakubali. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko mzuri, kwamba katibu ameagizwa kuandika barua.

Barua ya kuandika nini? Kwamba waheshimiwa, tunaomba ruhusa ya kufuta sheria ambayo hamna? Nilikaa nayo wiki nzima. Ningeweza kumwambia mwenyekiti pembeni. Ningeweza kughushi jibu, na nilifikiria hilo zaidi ya ninavyopenda kukiri. Sikufanya lolote. Kila Jumapili baada ya ibada rafiki yangu alinipigia simu.

"Dada, wamejibu?"

"Bado."

Mwezi wa tano, bado. Mwezi wa saba nilipata afueni, kwa sababu mwezi wa saba nchi hii yote iko likizo na hata kuku hatagi. "Unawajua Waswidi," nikamwambia, "wote wako ziwani." Akasema anaelewa. Hakunilaumu hata mara moja, na hiyo iliniudhi. Ukidanganya unataka angalau mtu akukasirikie.

Mwezi wa nane binti wa kaka yake akaolewa, hapo hapo Sundbyberg. Nilimpitia asubuhi kuchukua chakula. Alikuwa amepika isombe, yale majani ya muhogo, sufuria mbili, amefunga mifuniko kwa kitambaa, ameziweka mlangoni. Nyuma yake, juu ya kiti, kilikuwepo kitenge cha njano alichonunua kabla ya msiba, bado kimekunjwa.

"Haya, wewe nenda," akasema. "Waambie chumvi iko sawa."

"Njoo hata nusu saa."

"Na nguo hii? Nikacheke mbele za watu na mume wangu bado hajaachiliwa?" Akanisukuma kwa upole. "Nenda bwana, kitapoa."

Nilisafiri na sufuria zile mbili mapajani, na kwa mara ya kwanza nikajichukia kweli kweli. Kwenye harusi mtu akaniuliza mbona shangazi wa bibi harusi hayupo. Nikasema yuko kwenye msiba. Chumvi ilikuwa sawa.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa. Tulivua viatu mlangoni kwa sababu ya mvua. Tukanywa kahawa na mikate ya mdalasini, kama tunavyofanya kila mkutano, tabia tuliyoiokota hapa na hakuna anayekumbuka lini. Kipengele cha nne kikafika. Mwenyekiti akarekebisha tai.

"Dada katibu. Komuni wanasema nini?"

Rafiki yangu alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono mapajani. Hakunitazama. Alitazama sakafu.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno na yote yakaniruka. "La kuvunda halina ubani," nikasema. "Komuni hawajasema kitu kwa sababu sijawaandikia. Sijawaandikia kwa sababu hakuna sheria hiyo. Haijawahi kuwepo. Ibara ya tisa niliinakili kwenye katiba ya Waswidi fulani, kwa ujinga, na mlipouliza nikaona aibu nikadanganya. Na ya tarumbeta hivyo hivyo."

Nilisikia mashine ya kahawa ikimaliza matone yake.

"Miaka kumi na tatu," akasema mwenyekiti polepole. "Miaka kumi na tatu! Mimi nimeoza binti yangu wa kwanza kwa Fanta! Wakwe wametoka Lyon, mabwana wa divai, nimewapa Fanta ya chungwa! Nikawaambia ni État, ni serikali!"

Mtu akacheka. Mwingine akasema kwa sauti kwamba huu ni wizi, na sikujua nimeiba nini lakini nilikubaliana naye. Mama mmoja wa Kinyarwanda akadai nijiuzulu, Mganda wetu akauliza kama kweli hakuna tarumbeta kabisa. Makelele yalidumu kitambo. Nilibaki nimesimama nikiyapokea, miguu na soksi zangu zilizolowa, na niseme ukweli: sikujisikia vibaya kama nilivyodhani. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilikuwa na uchungu wa miaka kumi na tatu.

Mwishowe mwenyekiti akagonga meza, akaitisha kura. Ibara ya tisa ikafutwa kwa mikono yote isipokuwa miwili, ya mzee na mkewe walokole, ambao walisema hawamchukii mtu, ila wao kileo hawakipigii kura. Kujiuzulu kwangu kukajadiliwa, kukakosa mgombea wa kunirithi, kukaahirishwa.

Rafiki yangu alivaa koti lake bila kunisemesha. Mlangoni akasema tu, "Nitahitaji beseni lako kubwa," akaondoka.

Aliloweka mtama bafuni kwake, akauanika kwenye balkoni ndogo iliyoelekea barabara, akasaga, akapika. Nilikuja na beseni, nikatumwa kama mtoto, koroga, chuja, ondoka hapo. Hatukuongea habari ya mkutano. Jumamosi ya mwezi wa kumi watu mia wakashuka ngazi za chumba chetu, chungu kikakaa katikati ya sakafu, mirija ikasimama ndani yake. Msemaji akaongea kwa Kirundi, ambacho mtu wa Kigoma anakielewa, akasema marehemu alikuwa mtu wa funguo, alifungua na kufunga, na sasa tumemfungulia aende zake. Wazee wakainama kwenye chungu. Hakuna aliyelewa, kilikuwa chungu kimoja kwa watu mia. Rafiki yangu akaingia chooni na gauni jeusi, akatoka na kitenge cha njano, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga bomba.

Nilikuwa jikoni nasuuza vikombe alipokuja. Alikuwa na mkoba. Akatoa kijitabu chenye jalada la kijani, kimechakaa, akakiweka juu ya meza karibu na vikombe.

Nilikifahamu mara moja. Nilikiacha kabatini mle chumbani pamoja na nakala ya tafsiri yangu, mwaka ule ule wa kwanza, sikukumbuka tena.

"Alijifunzia Kiswidi," akasema. "Cha kwao mkono huu, chako mkono huu. Kila Jumamosi. Jalada alilisoma siku ya kwanza. Chama cha Watu Wasiokunywa, sijui wa wapi. Akarudi nyumbani anacheka mpaka akakaa chini. Akasema, shemeji kanakili sheria za wasiokunywa, hata hajui."

Nikafunga bomba la maji. "Alijua?"

"Miaka yote."

"Na wewe?"

"Aliniapisha nisikwambie. Akasema, akijua ataisahihisha, namjua yule, hapendi kosa. Akiisahihisha, mimi nimekwisha."

Yeye alikuwa anakaza kitenge chake kiunoni, anajiandaa kurudi kwa wageni.

"Kwa hiyo niliposema bado hawajajibu..."

"Nilijua hujaandika. Ungeandika nini?"

"Dada, sasa kama mwezi wa tisa nisingesema?"

"Ningevaa nyeusi mwaka mwingine," akasema. "Nilimwapia. Wewe hukumwapia mtu, ilibidi useme wewe."

Akarudi ukumbini. Nikafungua kijitabu. Kilijaa maneno ya penseli pembezoni, Kiswidi upande mmoja, Kirundi na Kiswahili upande mwingine, maneno ya mtu anayejifunza. Kwenye ibara ya tisa hakufasiri kitu. Aliandika kwa herufi za kukandamiza: *Hii si yetu. Tuiache hapo hapo.* Nililia juu ya vikombe vya watu mpaka mtu akaja kuulizia sukari.

Mwaka huu, kwenye mkutano mkuu, nilisoma vipengele kama kawaida. Mimi bado ni katibu, kwa kuwa bado hakuna anayetaka. Tulipofika ibara ya kumi na nne mwenyekiti akavua miwani akasema, bon, hii nayo tuifute, tumeshachekwa vya kutosha.

Rafiki yangu alikuwa safu ya mbele na kitenge chake cha njano. Akainua mkono.

"Hiyo iacheni," akasema. "Nichagueni mimi. Kazi hiyo naiweza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akauliza kama kuna mgombea mwingine, hakukuwa na mtu, nami nikaliandika jina lake kwenye kumbukumbu, chini ya tarumbeta.